Kufundisha usanifu wa taasisi kwa vikundi: anza na ndoo ya dagaa

Mwalimu mwenzangu, kama umepangiwa kozi ya usanifu wa taasisi na darasa lina watu 60, pole kwanza. Kozi hii inawafaa zaidi watu waliokwisha kukaa ofisini miaka mingi, wakaona mfumo wa mishahara ukigombana na mfumo wa watumishi mpaka wakachoka. Mwanafunzi wako wa mwaka wa tatu hajawahi kuajiriwa. Taasisi pekee anayoijua kwa ndani ni shule aliyosoma na labda duka la mjomba wake. Ukimwekea slaidi yenye visanduku 40 na mishale ataikariri, ataitapika kwenye mtihani, na baada ya wiki mbili hakumbuki kisanduku kipi kilikuwa juu ya kipi.

Najua kwa sababu ndivyo nilivyoanza. Muhula wangu wa kwanza hapa Mwanza nilimwaga slaidi, kisha nikatoa kazi ya kikundi: chora usanifu wa benki. Nikapokea kazi 12. Tisa zilikuwa mchoro uleule mmoja, na wengine hawakuhangaika hata kubadilisha rangi. Walidesa, lakini niliyewapa kitu cha kudesa ni mimi. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kuingia benki akaiona kaunta kwa upande wa ndani.

Siku hizi nafanya hivi: taasisi moja ya kubuni iliyojengwa juu ya kazi za watu wa kweli, vikundi vinavyotegemeana, karatasi za manila, na wiki 8. Nitaeleza hatua moja moja. Hatua ya 6 nitaikalia zaidi, maana hizo nyingine zote zinaiandalia njia.

Kabla ya kuanza: waelewe neno lenyewe

Usanifu wa taasisi ni kazi ya kuchora na kupanga jinsi shughuli za taasisi, taarifa zake, programu zake na mitambo yake zinavyotegemeana, ili ukigusa kimoja ujue vingine vitatikisika wapi. Maana hiyo inatosha kwa siku ya kwanza. Usiwape ya kitabuni yenye mistari mitano.

Badala yake waulize kuhusu kontro namba. Mfumo wa serikali wa kukusanya malipo, GePG, ulianza kutumika 2017, na leo kila mwanafunzi anajua kwamba ada ya chuo cha umma, bili ya maji na faini ya barabarani vinalipwa kwa namba ya aina moja, benki au kwa simu. Swali la darasa: ili hilo liwezekane, nani alilazimika kukubaliana na nani? Waache wabishane dakika 10. Watataja hazina, benki, kampuni za simu, wahasibu wa vyuo. Ubaoni andika kila wanachotaja kwa mpangilio walioutaja. Mara zote nilizofanya zoezi hili, neno "seva" lilikuja karibu na mwisho wa orodha, na mara moja halikutajwa kabisa.

Historia maliza ndani ya kipindi kimoja. John Zachman wa IBM alichapisha makala yake ya usanifu wa mifumo ya taarifa 1987, yenye maswali matatu: nini, vipi na wapi. Mwaka 1992, akiwa na John Sowa, yakaongezwa nani, lini na kwa nini. TOGAF, mwongozo wa hatua za kufanya usanifu, ilitoka 1995 ikiwa imetokana na kazi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Lugha ya kuchorea ya ArchiMate ilianzia Uholanzi na toleo la 1.0 likatoka 2009. Hapa kwetu, Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo imetoa miongozo ya usanifu kwa taasisi za umma. Waambie wanafunzi hili la mwisho kwa sauti ya juu kidogo, maana wengi wao wanaota ajira za serikali.

Hatua ya 1: Chagua taasisi inayofikika kwa daladala

Benki, hospitali kubwa na kampuni za simu ziache. Wanafunzi hawataruhusiwa kuona kitu, watarudi na maneno ya vipeperushi. Tafuta kazi inayofanyika hadharani, yenye watu wengi wanaopokezana kitu kimoja.

Sisi wa kandokando ya ziwa tuna dagaa. Wanavuliwa usiku, wanaanikwa asubuhi kwenye mialo (fukwe zinapopokelewa mitumbwi) kama Igombe na Kayenze, wanafungwa kwenye magunia, wanafika soko la Mwaloni Kirumba, wanapandishwa lori. Njiani wamepita mikononi mwa mvuvi, mwenye mtumbwi, mwanikaji, mbebaji, dalali, mchuuzi na dereva, bila kumsahau mtoza ushuru na mashine yake ya POS. Kazi ninayowapa ni hii: wenye mitumbwi na waanikaji wa mwalo mmoja wameungana kuanzisha ushirika wa kuuza kwa pamoja, na wanataka mfumo wa kompyuta. Ushirika ni wa kubuni, kazi zake ni za kweli.

Kama uko mbali na mwalo, stendi ya Nyegezi inafaa, au gereji kubwa. Sharti langu ni moja: mwanafunzi aweze kurudi peke yake Jumamosi kuuliza alichosahau.

Hatua ya 2: Panga vikundi wewe mwenyewe

Ukiwaachia wajipange, marafiki watakaa pamoja, mwenye laptopu atafanya kazi, wanne waliobaki watamnunulia chipsi mayai. Namba zangu kwa darasa la 60 ni hizi: ushirika 3, kila ushirika meza 4, kila meza watu 5. Meza ya shughuli, meza ya taarifa, meza ya programu, meza ya mitambo. Hakuna meza inayoweza kumaliza kazi bila nyingine tatu. Mbinu hii ina undugu na ile ya mwanasaikolojia Elliot Aronson, aliyoanzisha 1971 huko Austin, Texas, ambapo kila mwanafunzi alipewa kipande chake cha somo na wenzake hawakuwa na njia ya kukipata ila kupitia kwake.

Ndani ya meza kuna mwandishi, mchoraji, mtunza muda, mjumbe na mpinzani, na nafasi hizi zinazunguka kila wiki. Mjumbe ndiye pekee anayeruhusiwa kwenda meza nyingine. Mpinzani kazi yake ni kuuliza "umejuaje?" na akijibiwa "nilidhani", kilichoandikwa kinafutwa. Mpe nafasi hiyo mwanafunzi mkimya kwenye wiki ya kwanza. Utashangaa.

Hatua ya 3: Nendeni mwaloni, na mfuate mwezi

Hapa walimu wageni wanakosea tarehe. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inawavuta vizuri usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi inapumzika. Ukipeleka darasa siku hizo utakuta watu wanashona nyavu na kulala. Angalia kalenda ya mwezi kabla hujaandika ratiba ya muhula.

Zungumza mapema na uongozi wa BMU (kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi) wa mwalo husika. Peleka watu 20 kwa safari, si 60. Wafike alfajiri mitumbwi inaporudi, wabaki mpaka jua likolee. Wafundishe adabu ya kuingia: shikamoo kwanza, kujitambulisha, kuomba ruhusa ya kuuliza, na mtu akiwa amebeba beseni kichwani asisimamishwe. Kumpiga mtu picha bila idhini ni marufuku. Majina na namba za simu za watu hawaandiki kabisa, wanaandika kazi ya mtu tu. Hapo utapata nafasi ya kutaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na wataielewa kuliko wangeisoma darasani.

Maswali wanayokwenda nayo ni yale sita ya Zachman, ila kwa mdomo wa kawaida. Unafanya nini? Unafanyaje? Wapi? Na nani? Saa ngapi? Kwa nini hivyo na si vingine? Hilo la mwisho waliulize mwishoni na kwa upole, kwa sababu linaweza kusikika kama lawama.

Nisimulie kisa kimoja kilichobadilisha ufundishaji wangu. Mwanafunzi wa meza ya taarifa alichuchumaa karibu na mama mmoja aliyekuwa anatandaza dagaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani mama, ndoo moja ya dagaa unanunua shilingi ngapi?"

Mama hakuinua kichwa. "Ndoo ipi?"

Kijana akaonyesha ndoo iliyokuwa pembeni, ya lita 20. Mama akacheka, akamwita jirani yake asikie. Kisha akaeleza: mwenye mtumbwi akimuuzia wabichi, ndoo inajazwa mpaka inapandishwa kilima juu, kwa sababu maji yatachuruzika. Yeye akiuza wakavu, ndoo inafutwa kwa mkono mpaka iwe sawa na mdomo. Plastiki ni ileile.

Kijana aliandika kwenye daftari lake: *ndoo = lita 20*. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona, nikanyamaza. Ilikuwa vigumu kunyamaza.

Hatua ya 4: Sentensi kabla ya visanduku

Wakirudi darasani watataka kuchora mara moja. Wazuie. Kila meza iandike sentensi 30 za kile ilichokiona, na kila sentensi iwe na mtendaji, tendo na kitendwa. *Mama anaanika dagaa. Dalali anapanga bei. Kijana wa mizani anaandika uzito kwenye kaunta buku.* ArchiMate yenyewe imejengwa juu ya mafungu haya matatu, yaani wanaotenda, yanayotendeka na yanayotendwa, kwa hiyo mwanafunzi aliyeandika sentensi nzuri tayari ana nusu ya mchoro.

Kuna ugonjwa mmoja wa Kiswahili cha ripoti uuangalie: kauli ya kutendwa. *Malipo hufanywa jioni. Taarifa huhifadhiwa. Ushuru hulipwa.* Inasikika vizuri, ya kiofisi, na inamficha mtu kabisa. Nani anafanya malipo? Anampa nani? Nimeweka sheria kwamba kitenzi cha kutendwa kikitokea bila "na fulani" baada yake, sentensi inarudi. Wiki hiyo ya tatu kwa kawaida narudisha karibu theluthi ya sentensi zote, na meza ya programu ndiyo inayoongoza. Wao huandika "mfumo huchakata taarifa" hata pale ambapo mfumo wenyewe ni mzee mmoja mwenye kalamu sikioni.

Hatua ya 5: Chora hali ya sasa, kwa mkono

Karatasi za manila, maka peni, karatasi za kunata. Laptopu zibaki mabegini mpaka wiki ya 6. Sababu ya kwanza ni umeme. Sababu kubwa ni kwamba laptopu ina mtu mmoja mbele yake, na manila ina watano.

Kwa mazoea ya wanaotumia ArchiMate, shughuli ni njano, programu ni bluu, mitambo ni kijani. Mimi nawaongezea waridi kwa ajili ya taarifa, ili ionekane kwa mbali. Alama zenyewe wape nane au tisa tu. Lugha ile ina alama nyingi sana na mwanafunzi akipewa zote atazitumia zote.

Sisitiza "hali ya sasa". Wanapenda kuruka wachore programu ya simu ambayo haipo. Kaunta buku ni sehemu ya hali ya sasa. Vilevile redio ya mkononi, wakala wa pesa za simu aliye chini ya mwavuli, na kibanda cha kuchaji simu kwa sola. Meza ya mitambo mara nyingi hulalamika kwamba haina cha kuchora kwa sababu "hakuna kompyuta". Waambie warudi Jumamosi.

Hatua ya 6: Siku ya mishono

Wiki ya 5, omba saa tatu mfululizo. Ukipewa moja moja usifanye.

Kila ushirika unabandika manila zake 4 ukutani: shughuli juu, taarifa na programu katikati zikiwa ubavu kwa ubavu, mitambo chini. Nunua uzi wa nyavu, ule wa bei rahisi, na selotepu ya kutosha. Sheria ni fupi. Kila kisanduku cha programu lazima kifungwe uzi mpaka kwenye shughuli inayokihitaji, kwenye taarifa kinazosoma au kuandika, na kwenye mtambo unaokibeba. Kila kisanduku cha taarifa kifungwe kwa mtu anayeizalisha na mtu anayeitumia. Uzi ukikosa pa kufungwa upande wa pili, unaachwa unaning'inia na unabandikwa karatasi nyekundu.

Mara ya kwanza niliyoifanya, ushirika wa pili ulikuwa na karatasi nyekundu 23 kabla ya saa moja kuisha. Walikuwa wamefanya kazi nzuri, tena michoro yao ndiyo iliyokuwa misafi kuliko yote. Ila kila meza ilikuwa imechora mwalo wake.

Sasa rudi kwenye ile ndoo. Meza ya shughuli ilikuwa imeandika kwamba mwanikaji ananunua wabichi kwa ndoo na anauza wakavu kwa ndoo. Meza ya taarifa ilikuwa na karatasi moja ya waridi: *ndoo*. Meza ya programu ikaona mambo yamekuwa mepesi, ikabuni kikokotoo cha faida. Mpinzani wa meza ya shughuli, binti mmoja wa Ukerewe, akasimama mbele ya kile kisanduku cha bluu.

"Hii faida mmeipataje?"

"Tumechukua ndoo alizouza, tukatoa ndoo alizonunua."

"Ndoo ipi?"

Kimya. Yule kijana wa daftari akashika kichwa.

Kilichofuata sikukipanga. Walivunja *ndoo* ikawa *ndoo ya wabichi* na *ndoo ya wakavu*. Mmoja akasema hata hivyo haitoshi, kwa sababu kilima cha leo si kilima cha kesho, na siku ya mvua dagaa wakiharibika wanauzwa kwa ajili ya chakula cha kuku kwa bei nyingine kabisa. Wakakubaliana kuweka kilo. Mjumbe wa meza ya mitambo akasema kwenye mchoro wao mwanikaji hana mizani, mizani waliyoiona ilikuwa mwisho wa safari, sokoni. Kwa hiyo mizani iletwe mwaloni. Meza ya shughuli ikauliza: nani atasimama hapo alfajiri kupima, na atalipwa na nani? Neno moja la herufi nne lilikuwa limehamisha karatasi kwenye manila zote nne. Nilikuwa na slaidi 30 kuhusu jambo hilohilo, ziko mpaka leo kwenye flashi, sijazifungua tena.

Ugomvi wa pili utakaoupata ni wa majina. Meza ya shughuli itasema *mwenye mtumbwi*, taarifa watasema *mwanachama*, programu watasema *mtumiaji*, na mwaloni kwenyewe watu wanamwita *tajiri*. Watatue kwa kuandika kamusi ya ukurasa mmoja, na uangalie mtego ulio kinyume chake: *mwanachama* wa ushirika ni mwenye mtumbwi na pia ni mwanikaji, na hao wawili wananunuliana na kuuziana. Jina moja limeficha watu wawili wenye masilahi tofauti.

Mingine utaikuta mwenyewe. Programu ya simu inayotaka mvuvi ajaze fomu saa 8 usiku akiwa ndani ya ziwa hujitokeza karibu kila mwaka, na wenzao wa mitambo huicheka bila msaada wako.

Kazi yako siku hiyo ni kunyamaza. Wakikuuliza nani yuko sahihi, jibu: andikeni mlichokubaliana. Wape daftari la maamuzi lenye safu nne: hoja, uamuzi, waliokubali, na asiyekubali na sababu yake. Hiyo safu ya mwisho wataiona ya ajabu. Wiki ya 7 wataitafuta.

Dakika 20 za mwisho, waeleze alichoandika mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway 1968: kwamba mfumo unaobuniwa na kundi la watu huishia kufanana na jinsi watu hao wanavyowasiliana. Waonyeshe ukutani. Penye mjumbe aliyekuwa anatembea kila siku, nyuzi zimefungwa. Penye meza mbili zilizonuniana tangu wiki ya pili, na zipo kila darasa, karatasi nyekundu zimejaa.

Hatua ya 7: Hali lengwa, kwa bajeti ya mkulima

Wiki ya 6 wanahamishia michoro kwenye Archi, programu ya kuchorea ArchiMate. Ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na ukishaiweka haihitaji bando. Kila ushirika laptopu mbili zinatosha. Uhamishaji huu ni kazi ya mkono tu, usiupe muda zaidi ya wiki moja.

Wiki ya 7 wanachora ushirika unavyotakiwa kuwa baada ya miaka miwili. Wape misingi mitatu wanayoitunga wenyewe, kwa mfano "uzito unapimwa mara moja na unaandikwa mara moja", na wape ruhusa ya mabadiliko 3 tu. Wakiwa na mabadiliko 10 watajenga kiwanda. Wakiwa na matatu itabidi wachague, na kuchagua kutawarudisha kwenye daftari la maamuzi kumtafuta yule asiyekubali. Kwa kila badiliko waandike pengo lililopo, nani atapoteza kitu, na kipi lazima kitangulie. Mizani kabla ya programu. Mtu wa mizani kabla ya mizani.

Hatua ya 8: Wasilisho mbele ya watu wa mwaloni

Alika watu wawili au watatu kutoka mwaloni, walipie nauli na chakula, na uwaeleze wazi kwamba ni zoezi la darasa, hakuna mradi wala fedha zinazokuja. Hilo la mwisho lisemwe mapema, mara mbili. Wanafunzi wazungumze bila kutaja TOGAF wala ArchiMate hata mara moja. Kila ushirika dakika 15, wageni waulize muda wanaotaka.

Mwaka mmoja mgeni wetu, mwenye mitumbwi, alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza swali moja tu: kama uzito unaandikwa mara moja, aliyeandika akikosea nani anarekebisha, na mimi nitajuaje kwamba amerekebisha? Hakuna ushirika uliokuwa na jibu.

Hatua ya 9: Alama

Malalamiko ya kazi za vikundi ni yaleyale kila mahali: fulani alitegea na kapata sawa na mimi. Ninagawa hivi: alama 40 za mchoro wa ushirika mzima, 20 za meza, 40 za mtu binafsi. Za binafsi zinatokana na mahojiano ya dakika 4. Mwanafunzi anasimama mbele ya mchoro wa ushirika wake, mimi naweka kidole kwenye uzi wowote, hata kama si wa meza yake. Uzi huu ukikatika kesho asubuhi, nani anagundua kwanza? Anampigia nani? Nini kinasimama, nini kinaendelea? Aliyetegea hana pa kujificha, na aliyefanya kazi bila kuongea na meza nyingine naye anajulikana. Kwa watu 60 ni saa nne, gawanya siku mbili, na beba maji.

Usikate alama kwa karatasi nyekundu zilizobaki. Ukizikata, mwaka ujao hazitabandikwa.

Hatua ya 10: Tunza manila

Zikunje, ziandike mwaka, ziweke kabatini mbali na panya. Darasa linalofuata lisianze upya. Lipe mchoro wa waliotangulia, lirudi mwaloni, litafute kilichobadilika.

Baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, darasa langu lilichukua mchoro wa zamani uliokuwa na kisanduku cha kijani: *kivuko*. Nyuzi tatu zilitoka hapo, mmoja kwenda kwa dereva wa lori la Sengerema na Geita, mmoja kwenye gharama za kusubiri, mmoja kwenye kanuni ya ushirika kwamba upakiaji unafungwa saa 9 alasiri ili lori liwahi foleni. Wakabandua kivuko, wakaweka daraja, wakafunga upya dereva, wakafuta gharama za kusubiri. Wakapiga makofi, wakaanza kukusanya mabegi.

Mpinzani wa wiki ile akabaki ukutani. Upakiaji bado ulikuwa unafungwa saa 9 alasiri, na uzi wake ulikuwa unaning'inia. Akaomba karatasi nyekundu.